Faili Iliyokataa Kuingia Kanisani

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka hadi nikalia, lakini siku hiyo kanisani kwetu Makongeni nilitamani ardhi ipasuke inimeze na laptopu yangu.

Kanisa lilikuwa limepewa kompyuta kumi kuukuu, na Mama ndiye aliyewaambia wazee, "Mpeni Kimani wangu kazi ya kufundisha vijana, hata pombe aliacha Januari." (Pombe sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimehamia Ruiru, basi, na kila Jumamosi nikija kumsalimia nilipitia kwanza kwa baa iliyo nyuma ya ukuta wa kanisa.) Kwa hivyo Jumapili hiyo baada ya ibada nikasimama mbele ya watu, projekta ikiangaza ukutani, niwaonyeshe jinsi programu za Linux zinavyoshushwa bure. Bando zangu zilikuwa chache, na nikaona waifai ya ile baa imefika hadi madhabahuni. Nani atajua? Nikajiunga.

Nikaandika amri kwa madaha, nikabonyeza, na ukutani yakatokea maandishi mekundu: checksum haifanani. Sikutetereka. Nikawaeleza kwamba kila faili huja na hesabu yake, ikifika kompyuta inapiga hesabu upya, na zisipolingana basi kilichofika sicho kilichotumwa, inakataa. Nikarudia, ikakataa, nikafuta nikarudia tena, ikakataa, na badala ya kusema sijui (herufi tano tu!) nikatangaza, "Kuna mtu hapa anaingilia mtambo. Zimeni simu zote."

Simu zikazimwa. Ikakataa. Ndipo Pasta akanyoosha mkono juu ya laptopu. "Bwana, kila kilichofichwa ndani ya mashine hii, kifichue!" Nami, mjinga wa wajinga, nikaitikia amina kubwa kuliko wote.

Mzee Njoroge, aliyestaafu kutoka kiwanda cha mananasi, akainua mkono. "Kijana, sisi mkebe ukikataliwa na mashine hatukuwa tunauombea. Tulikuwa tunaufungua tuone ndani kuna nini. Si ufungue?"

Nikafungua. Ngai! Haikuwa programu. Waifai ya baa haikupitishi popote kabla hujabonyeza pa kukubali, mimi sikuwa nimebonyeza, na kwa kila faili niliyoomba ilikuwa inanitumia ukurasa wake wa makaribisho, ambao sasa ulijaa ukuta mzima chini ya msalaba: KARIBU TENA KIM! HII NI MARA YAKO YA TISA TANGU FEBRUARI. RUDI MARA MOJA TU UPATE SUPU YA KICHWA BURE!

Kisha sauti moja huko nyuma ikasema, "Bwana asifiwe," na kanisa zima likalipuka, kwaya ikashikana mabega, Pasta akajifanya anafuta miwani. Mama peke yake hakucheka, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu ni neno lake nililokuwa nimelichezea mbele ya watu wake.

Nikaunganisha laptopu na simu yangu, nikafuta zile faili mbovu, nikashusha upya, na zote zikaingia dakika hiyo hiyo. Mama akasimama.

"Wazee, niliwaambia anajua kompyuta. Si mmeona zimeingia? Hayo mengine nilidanganywa." Kisha akanigeukia. "Na wewe, baba, beba hiyo laptopu twende."

"Wapi, Mama?"

"Si wamesema ya kumi ni supu? Ya kumi tunaenda pamoja."

Tukaenda kweli, yeye na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akanywa ile supu yote mpaka tone la mwisho, mimi na soda yangu nikiangalia meza, na mhudumu akaja akiwa ametabasamu: "Kim, sasa? Leo ile ya kawaida hutaki?"

Kazi wazee waliniachia. Nami nimeapa: bando nanunua mwenyewe, na faili ikikataa nasema sijui. Pombe nayo? Mama alitoka pale na namba ya simu ya mhudumu.