Wasifu wa Mdogo Wangu

Asubuhi ya mazishi, mjane wa mdogo wangu aliniletea kalamu uani kwao Nyakato, akanitaka niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa makaburini Kisesa.

"Usisahau kwamba alishinda kesi, shemeji," alisema.

Nilimjibu kwamba nitaandika yaliyothibitika. Akaniangalia kama mtu aliyedaiwa risiti msibani.

Mdogo wangu alikuwa mkata minofu katika kiwanda cha samaki. Siku moja yalipotea mabondo, yale mafuko ya hewa ya sangara ambayo wanunuzi huyapigania kuliko samaki mwenyewe, na zamu iliyokuwa kazini ilikuwa yake. Aliachishwa kazi mchana huohuo, bila kikao na bila kuulizwa neno. Hakulilia mshahara. Alitaka chombo fulani kitamke kwamba yeye si mwizi.

Wakati huo niliishi Musoma, naye hakuniuliza. Aliwauliza watu wa stendi ya Buzuruga. Mmoja alimtuma polisi, mwingine kwa mkuu wa wilaya. Fundi viatu mmoja, ambaye hakuwahi kuajiriwa popote, ndiye aliyemaliza mjadala: "Nenda baraza la kata, ndugu yangu. Pale wazee wanakusikiliza mpaka unachoka mwenyewe."

Katika hilo alisema kweli. Wazee wale, ambao kazi yao ni kupatanisha majirani wanaogombea mipaka ya viwanja, walimsikiliza kwa makini. Walimwita mlinzi wa geti, naye akaeleza kwamba siku ile alimpekua na hakumkuta na kitu. Kiwanda hakikuleta mtu, wala hakikulazimika. Baraza likatamka kwamba hakuiba. Nyumbani wakachinja mbuzi, kisha nikapigiwa simu. Niliuliza swali moja tu: "Baraza gani?"

Mdogo wangu akasema, "Kaka, nimeshinda. Wewe pokea tu."

Nilisafiri kesho yake, nikamweleza. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki hupeleka shauri lake kwenye Tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, ndani ya siku thelathini. Usuluhishi ukishindikana, mwamuzi wa Tume hiyohiyo huamua. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, divisheni ya kazi. Baraza la kata halimo katika njia hiyo. Nazo siku zilikuwa zimekwisha kupita.

Tuliiomba Tume ituongezee muda. Aliyesikiliza ombi, mama mmoja mpole, aliuliza sababu za kuchelewa.

"Nilikuwa barazani, mheshimiwa. Naomba nieleze habari ya mabondo."

"Huko sijafika, baba. Leo nasikiliza kuchelewa tu."

Huko hatukufika kamwe. Kutojua sheria hakukuwa sababu ya kutosha. Ombi likakataliwa, na mimi sikuona kosa katika uamuzi ule. Nje, mdogo wangu alisimama juani.

"Kwa hiyo wenye mamlaka hawajasema mimi ni mwizi, wala hawajasema si mwizi?"

Nilimjibu, "Ndivyo."

Hakuizungumzia tena kesi mbele yangu. Alishona nyavu za watu uani, na saa ya kubadilishana zamu aliingia ndani, asionwe na wenzake wa zamani wakipita.

Basi asubuhi ile niliandika: "Aliachishwa kazi. Tuhuma dhidi yake hazikusikilizwa na chombo chenye mamlaka."

Shemeji alisoma akiwa amesimama. "Hayo nani ataelewa? Wataondoka wakisema mwizi kazikwa."

Niliifuta sentensi ya pili. Mahali pake nikaandika: "Baraza la kata lilisikiliza ushahidi, likaona hakuiba." Kila neno lilikuwa la kweli. Habari ya Tume sikuiandika.

Kisesa niliusoma wasifu kwa sauti. Nyuma ya waombolezaji, mtu mmoja wa kiwandani alimwambia mwenzake, "Kumbe alishinda."

Nilikuwa na maelezo kamili ya kumpa. Nikaendelea kusoma majina ya watoto.