Tanuri la Mama Juu-ya-Nini

Padri alimbatiza Léontine, lakini mtaani walimwita Mama Juu-ya-Nini, yaani Mama Kwa-Nini. Muuzie samaki, atakuuliza mbona huyu macho yake mekundu. Nenda kumpa pole ya msiba, atakuuliza marehemu alikula nini. Watu wa Albertville, Kalemie ya leo, walimcheka sana, nami nasema walicheka bure. Kuuliza si ujinga.

Mwaka wa sitini na mbili aliamua kuoka mikate. Mgiriki aliyekuwa akiwaokea watu alikimbia vita, na mji mzima ulikuwa ukinywa chai kwa muhogo. Léontine alirundika mchanga wenye majimaji uani, akaukandika saruji nene, na saruji iliposhika akauchota ule mchanga kupitia tundu aliloliacha mbele liwe mdomo wa tanuri. Likabaki paa zuri la mviringo. Akalijaza kuni, akawasha moto mkubwa, maana alikuwa na haraka.

Tanuri likalia pa! Kisha pa, pa, na vipande vya saruji vikaruka. Majirani walijilaza chini, kwani miaka ile mlio wa namna hiyo ulikuwa na maana moja tu. Aliyeumizwa zaidi ni mumewe, Valère, mchochea moto wa gari la moshi. Treni yake iliwahi kumiminiwa risasi upande wa Niemba. Zamani alikuwa hodari wa kuteta juu ya chumvi na mboga. Tangu arudi alikula chochote alichowekewa, kimya. Siku ile Léontine alimkuta uvunguni mwa kitanda, amejikunja. Alimwonea huruma mpaka akajichukia. Akaapa kwamba tanuri likilia tena, atalibomoa kwa mikono yake mwenyewe.

Hata hivyo swali lilimwasha. Paa lilibanduka kote isipokuwa karibu na mdomo. Juu ya nini? Saruji ilikuwa moja, na moto mmoja. Akavunja kipande cha pale palipobaki pazima, akakitoa juani. Ndani aliona vitundu vyembamba, vyeusi, vinapita huku na huku kama njia za mchwa. Ndipo akakumbuka kwamba alipomalizia pale mdomoni saruji ilikuwa ikimporomokea, naye akaichanganya na nyuzi za gunia kuukuu ili ishikane. Nyuzi zimeungua. Sasa kitu kilichokwisha kuungua kimesaidia nini?

Aliogopa kulitaja tanuri mbele ya mumewe, lakini hakuwa na mwingine aliyejua moto. Valère alikigeuza kile kipande mkononi kwa muda mrefu.

"Saruji inakunywa maji, inayaficha," alisema. "Moto ikifika, maji inakuwa mvuke, inatafuta mulango. Ikikosa mulango, inavunja nyumba." Akagusa vile vitundu kwa ukucha. "Hapa uzi iliungua, ikaacha mulango."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Léontine alichambua magunia mpaka jirani yake Clémentine akamuuliza kama anataka kulisuka tanuri nywele. Akalikandika paa upya kwa saruji yenye nyuzi hizo, akaliacha likauke kivulini bila haraka.

Siku ya kuwasha alimsihi Valère aende ziwani mpaka mambo yaishe.

"Hapana, Mama," alijibu. "Nitawasha mie."

Alianza na vijiti, akangoja, akaongeza kidogo. Paa likatoa jasho, mvuke ukafuka. Clémentine aliziba masikio. Léontine hakulitazama tanuri. Alitazama mabega ya mumewe. Ukuni mmoja ulilia pa, mabega yakaruka, lakini mkono haukuacha kazi. Valère alitia ukuni mwingine. Tanuri lilinyamaza mpaka likawaka jekundu ndani.

Mkate wa kwanza alipewa yeye. Aliumega, akatafuna, akaupindua na kuukagua.

"Mukate yako inaungua ku chini," alisema, amekunja uso.

Léontine aligeuka upande asionekane akilia, akamwambia kwamba wa pili atamwokea vizuri zaidi.