Mkaguzi Alipofunua Katikati ya Kitabu

Baba yangu alisomesha chuo cha Kurani kijijini kwetu, mbali na Chake Chake. Skuli ya serikali ilikuwa jirani, lakini wazazi hawakupenda kupeleka watoto. Waliogopa watoto wangeisahau dini. Mwaka ule, msimu wa karafuu ulipokwisha, walirudi darasani wavulana wachache mno. Mkaguzi akaja, akawatazama, akasema mbele ya wanakijiji kuwa skuli itafungwa, maana watu wa hapa hawapendi elimu.

Baba alikuwa amesimama pale pale.

Kulipokucha alituongoza wanafunzi wake wote, wa kike kwa wa kiume, mpaka mlango wa darasa la mwalimu wa skuli. Yeye na Baba walikuwa hawana mazungumzo zaidi ya salamu. Mwalimu alishikwa na bumbuwazi, chaki mkononi.

"Wachukue mpaka adhuhuri," Baba alisema. "Jioni ni wangu."

"Hata wa kike, Maalim?"

"Hata huyu binti yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama alipoambiwa, aliuweka chini ungo wa mchele, asiupepete tena.

Tulikaa kwenye mikeka, kwani madawati hayakutosha. Kitabu cha kusomea tulikishika upesi, hata mwalimu akawa anajisifu. Mkaguzi aliporudi, Baba naye alialikwa. Nikasimamishwa mimi. Nilisoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, watu wakinong'ona mashaallah.

Mkaguzi akafunua katikati ya kitabu. "Soma na hapa."

Niliona alama tu. Akamwita mwengine, kisha mwengine. Hakuna aliyeweza. Sote tulikuwa tumehifadhi kwa masikio, kama tulivyozoea chuoni.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Lakini aliyenitisha zaidi ni Baba. Uso ulimsawijika kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Alasiri ile, chuoni, alinifungulia juzuu, akaelekeza kijiti katikati ya sura niliyokuwa nikiisoma kila siku.

"Neno gani hili?"

Sikujua.

Akawajaribu wenzangu mmoja mmoja; hakuna aliyelijua. Magharibi ilipoadhiniwa, akaifunga juzuu.

"Miaka yote hii," alisema.

Siku ya pili alituanzisha upya, alifu kwa kijiti, herufi moja moja. Skuli haikufungwa, kwa kuwa sasa ilijaa watoto, ila wengi wetu tulirudia darasa. Baba hakumlaumu yule mwalimu. Alianza kumwita barazani kwetu kunywa kahawa, akimuuliza namna walimu wenzake wa skuli wanavyofundisha herufi.