Mzee Isakwisa na Mbuzi

Mvua ya milima ya Rungwe haipigi hodi. Ilianza kabla ya jogoo, ikaangukia paa la nyasi, ikameza hata ngurumo ya mto, na kulipokucha mzee Isakwisa alibaki na moto wake, blanketi lake na magoti yake yanayouma. Mkewe, Damari, alikuwa amevuka mto jana yake kwenda msibani, akamwachia agizo moja tu: "Mtazame Tupokigwe. Mwezi wake wa kujifungua umekaribia."

Mtazame! Wanawake nao wana maagizo. Tupokigwe alikuwa mke wa mwanawe Asukile, aliyekwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na nyumba yake ilikuwa uani pale pale, nyuma ya migomba. Lakini kwa Wanyakyusa wa siku zile mkamwana na baba mkwe hawakutazamana. Mkamwana akisikia kikohozi cha mzee njiani, huingia migombani akajificha mpaka apite. Hali naye, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Wazee walisema atakayevunja hilo, tumbo lake litafunga, au mtoto atapotea.

Mchungaji alishawaambia kanisani kwamba kuiacha mila hiyo si dhambi. Wazee waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kukohoa njiani kama kawaida. Isakwisa ndiye aliyewashinda wote. Kila penye watu alijisifu: "Mkamwana wangu ana adabu. Tangu aolewe sauti yake siijui." Na kweli hakuijua. Alijua kisogo tu, na kitambaa cha bluu kikikimbilia majanini.

Asubuhi hiyo alichungulia uani. Paa la Tupokigwe halikutoa moshi. Baridi ile, na nyumba haina moshi!

Ilikuwapo njia ya kuizunguka mila bila kuivunja: kusema na kitu kingine, mwenye masikio asikie. Mbuzi wa Damari alifungwa chini ya ukingo wa paa la Tupokigwe. Isakwisa akasimama mlangoni kwake, akapaza sauti.

"Wewe mbuzi! Leo kwenu hamwashi moto? Mko wazima?"

Mbuzi akamtazama huku akitafuna. Kisha ukuta wa mianzi ukagongwa kutoka ndani, mara moja, taratibu. Ndivyo Tupokigwe alivyojibu siku zote. Isakwisa akashusha pumzi, akarudi kuchoma ndizi, akajiambia kuwa labda kuni zimelowa tu.

Lakini ndizi aliiacha ikiungua motoni. Akatoka tena.

"Mbuzi, nikuletee makaa?"

Kimya. Mvua ikamwagika. Akaita mara ya tatu, na safari hii alimgombeza mbuzi wa watu kana kwamba ndiye mwenye mimba. Kimya kile kile.

Akarudi ndani, akaketi, akainuka, akaketi tena. Akitaka kwenda, anaogopa. Kama wazee walisema kweli? Kama yeye, kwa macho yake mwenyewe, ndiye atakayemfungia Asukile uzazi? Akaomba Mungu amrudishe Damari. Akajua mto umejaa, Damari hawezi kuvuka, na Mungu haleti wakunga juu ya maji. Ngojangoja huumiza matumbo. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliogopa mlango wa mkamwana wake kuliko alivyoogopa chui alipokuwa kijana.

Mwishowe akatia makaa katika chungu, akajifunika jani la mgomba, akavuka ua. Alikohoa mpaka kifua kikauma. Mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume, macho yakiutazama uwanja uliojaa maji.

"Nimemletea mbuzi moto," alisema.

Nyuma yake pumzi ilikuwa ikipandishwa kwa tabu. Kisha akaisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Tata." Ndivyo Wanyakyusa wanavyomwita baba. "Tata, usigeuke. Mtoto ametoka. Halii."

Isakwisa akageuka.

Tupokigwe alikuwa chini, juu ya mkeka, na kitambaa cha bluu kando ya shavu, kimetobolewa kwa meno. Tangu alfajiri alikuwa akikiuma ili baba mkwe asiisikie sauti yake. Hata sasa, alipomwona, mkono wake haukumtafuta mtoto wala haukusitiri mwili. Ulikinyakua kitambaa kile, ukakivuta kufunika uso.

Mzee akapiga magoti, yale yale mabovu. Maisha yake yote alikuwa amezalisha ng'ombe. Akafanya lile alilolijua. Akamfuta mtoto kinywa kwa kidole, akampulizia puani, akamsugua mgongo huku akilia bila kuficha. Mtoto alikuwa baridi. Akasugua tena. Kikatoka kilio chembamba, chenye mikwaruzo, kama mlango unaosukumwa na upepo. Akamlaza kifuani mwa mamaye, akawafunika wote wawili blanketi lake, akageukia makaa, akapuliza.

"Acha kujifunika, mwanangu," alisema. "Nimeshakuona. Pumua."

Jioni mto ulipungua. Damari alifika akiwa ameloa chapachapa, akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Mumewe alikuwa ameketi karibu na mkamwana, uso kwa uso, anamnywesha uji.

"Baba Asukile! Umemwona?"

"Nimemwona." Hakusimama, wala hakukiacha kijiko. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, na wote watatu wakasikiliza mpaka alipolia tena. "Mama Asukile, binti huyu alikuwa anakufa kwa kuniheshimu mimi. Na mimi tangu asubuhi nasema na mbuzi."