Nati ya Saa ya Msikitini

Enzi zetu Matondoni, mtaa mzima ulikuwa na saa moja, nayo ilikuwa ya msikiti. Ninawaandikia wale tuliolingana umri, ambao wakisikia nyundo ya kalafati hawahitaji kuelezwa ni kitu gani. Vijana nao wanaweza kusoma, ila wakichoka waniache nimalize peke yangu. Hata mimi nimechoka.

Ninachokumbuka kwanza ni harufu. Sifa, yale mafuta ya papa yaliyopakwa vyombo vipya vya baharini, ilituganda kwenye nguo na nywele. Tulikwenda nayo skuli, na mwalimu wetu, mtu wa bara, alifungua madirisha yote kabla hajaita majina. Mchana tulichonga vidau vya makumbi ya nazi na kuvishindanisha maji yanapojaa chini ya mikoko. Jioni tulicheza kibe, tukijificha nyuma ya magogo na punda waliolala. Mama alikuwa akisema, "Ukisikia adhana na ungali nje, usirudi." Kila siku tulirudi baada ya adhana, na kila siku tulipokewa kwa maneno makali na wali wa mtuzi wa samaki.

Aliyeadhini alikuwa baba yangu, Bwana Lali. Kazi yake ya mchana ilikuwa kalafati, kushindilia pamba katikati ya mbao za vyombo ili maji yasiingie. Kwa kuadhini hakulipwa, wala hangekubali kulipwa. Pamoja na adhana alikabidhiwa saa, saa ya ukuta yenye sanduku la mbao na timazi la shaba lililokwenda huku na huku nyuma ya kioo. Kila jioni alipanda ngazi za nje za msikiti, akalitazama jua likizama nyuma ya mikoko ya upande wa bara, kisha akaadhini, akashuka, akafungua kioo na kusogeza mishale hadi saa kumi na mbili kamili. Kwetu siku mpya ilianza hapo. Kesho yake saa ilikuwa imechelewa tena kidogo, naye akairudisha bila kulalamika.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, na ugonjwa wa kufungua vitu. Nilishafungua kandili, na cherehani ya mama, ambayo niliifunga tena skrubu moja ikabaki mkononi, na ikashona vizuri kuliko kwanza. Basi niliona kwamba saa ya kurekebishwa kila siku ni saa mbovu. Chini ya lile timazi palikuwa na nati ndogo. Nikamweleza baba kwamba nikiipandisha ile nati timazi litakwenda haraka zaidi, saa haitachelewa, na hatakuwa na haja ya kuitazamia jua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hata kupanda yuu?"

"Hata kupanda."

"Basi itengeneze."

Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama maneno hayo mawili. Nilipita mtaani nikiona kila aliyekwenda kuswali anakwenda kwa saa yangu.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mvua za vuli. Kwa wiki nzima hapakuwa na jua la kutazama, wingu lilikuwa zito kuanzia alasiri, na baba aliadhini kwa saa. Msikiti wa upande wa pili nao walisubiri sauti yake, maana alijulikana kuwa hakosei. Wala hapana aliyejua kwamba ile nati nilikuwa nimeipandisha kupita kiasi. Saa haikuchelewa tena. Sasa ilitangulia, kila siku kidogo, na mkono wa kuirudisha ulikuwa umepumzishwa na mimi.

Jioni moja baba akaadhini. Wazee barazani wakaweka tende mdomoni, uji wa pilipili manga ukazunguka, mimi nilikuwa na kaimati ya pili mkononi. Mara wingu likanyanyuka upande wa bara, na jua likachomoza chini yake, jekundu, zima, likimulika ukuta wa msikiti na nyuso zetu zote tukitafuna.

Bwana Kombo, mzee mcheshi kuliko wote pale, aliweka kikombe chini polepole. "Bwana Lali," akasema, "hili ni la leo au la kesho?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Kila mmoja alielewa. Saumu ya siku ile ilikuwa imeharibika kwa kijiji kizima, kwa wazee, kwa wanawake waliopika kutwa nzima na njaa, na kila mtu angelazimika kuilipa siku ile baada ya Ramadhani. Tukakaa na tende zetu tukilisubiri jua lizame mara ya pili.

Baada ya swala wazee waliuliza ni nani aliyeigusa saa. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Baba akasema, "Saa ni amana yangu. Nimekosa mimi." Hakugeuka kunitafuta. Nilikuwa na ulimi na sikuutumia. Hakuna aliyemfukuza, yeye mwenyewe aliuvua ufunguo wa saa shingoni, akamkabidhi Bwana Kombo, na tangu siku ile sauti iliyotuita nyumbani kutoka kwenye kibe ilikuwa ya mtu mwingine.

Watoto wenzangu walinibandika jina, Maghribi Mbili, wakijua tu kwamba ni mtoto wa mwenye saa. Wanawake waliokuwa wakiilipa siku ile walipita mlangoni kwetu wakimtania mama, "Leo nimefunga ya mumeo, nipikie futari." Mama alicheka na alipika. Lakini Bi Mwanaesha, jirani yetu mgonjwa, alikufa kabla hajailipa. Baba alikwenda kwa mwanawe, akamwomba ruhusa, akamfungia marehemu siku hiyo. Baadaye akamfungia mwingine aliyekufa na deni hilo, na mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kazi nilipokuja likizo nikamkuta amefunga katikati ya mwaka, juani, pamba na nyundo mkononi. Nikamwambia hiyo moja nitaifunga mimi. Akanijibu, "Weye hukukosa. Ulikuwa mwana." Nami nikakubali upesi mno, kama mtu aliyetuliwa mzigo, nikaenda kula.

Nilisoma sekondari Mombasa, nikafundishwa ufundi wa mitambo, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimalizia bara, kwenye mitambo ya kufua umeme kwa maji. Waliniita injinia. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mtambo hautangulii wala hauchelewi. Ukitangulia kidogo tu sindano ya geji inaniambia, nami naurudisha. Wenzangu walinisifu kwa uangalifu. Sikuwaambia nilijifunzia wapi.

Mshahara wangu wa kwanza mkubwa nilimnunulia baba saa ya mkono, ya bei, yenye mishale inayong'aa gizani. Aliivaa siku ileile na hakuivua tena, hata kazini. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila nilipokuja likizo aliniuliza, "Saa ngapi sasa, mwanangu?" huku saa iko mkononi mwake. Nilidhani ananitania kwa habari ya zamani. Nilimjibu kwa kifupi, wakati mwingine kwa kuudhika, kwa sababu tayari nilikuwa nafikiria safari ya kurudi.

Alipokufa nilikuwa zamuni. Nilifika siku ya tatu, ameshazikwa. Mama alinipa ile saa ya mkono, imesimama, haijulikani tangu lini.

"Babako hakuiona hata siku moja," aliniambia. "Nuru ya mato ilianza kumtoka ungali skuli. Ulipomwambia hatapanda tena ngazi, alirudi nyumbani akamshukuru Mungu. Alijua muadhini asiyeliona yua hatawekwa."

Nikakumbuka alivyonyamaza kabla ya kuniuliza. Nilidhani alikuwa akipima ufundi wangu. Miaka yote ile aliziba nyufa za vyombo kwa kupapasa kwa vidole, na mimi nikasema baba ana mkono mwepesi. Mombasa kulikuwa na madaktari wa macho. Nauli nilikuwa nayo, mshahara nilikuwa nao. Nilimpelekea saa.

Sasa nimestaafu na nimerudi kwetu, nina banda la makuti nyuma ya nyumba, meza ya mbao za chombo kilichovunjwa, jiliwa, tupa, na chupa ya mafuta ya cherehani. Ninatengeneza saa na mapanka ya upepo, kazi ambazo hakuna anayezihitaji. Vijana wanaleta simu. Wakisikia sitengenezi simu wananiangalia kwa huruma. Msikiti ulipojengwa upya walitundika saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu, nami nikaiomba ile ya zamani. Imo ukutani mwangu. Mjukuu wangu aliyekulia Nairobi aliniuliza mbona iko nyuma kwa saa sita. Ramadhani iliyopita simu yake iliishiwa chaji karibu na maghribi, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Babu, sasa tutajuaje?" Tulikuwa tumekaa pwani. Jua lilikuwa mbele yetu, kubwa kama sinia.

Sikumcheka sana, kwa sababu mimi nililiona kama doa. Macho yangu nayo yameanza. Binti yangu ananitaka Mombasa nikafanyiwe upasuaji, na nimemkubalia mara moja. Sitaki aje aambiwe na mtu mwingine siku ya tatu.

Nati niliishusha zamani. Saa inachelewa tena, kama ilivyokuwa, na kila jioni ninairudisha kwenye kumi na mbili. Lakini siwezi kupanda popote kutazama. Ninasubiri kipaza sauti. Enzi za baba, jua lilimwambia muadhini, muadhini akatuambia sisi, tukaacha kibe tukarudi nyumbani. Siku hizi simu inamwambia muadhini, muadhini ananiambia mimi, nami naiambia saa. Jua linazama vilevile nyuma ya mikoko, na hakuna hata mmoja wetu anayelitazama.