Hapana Uza

Nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Isiolo, nikisubiri karatasi zangu zichapwe. Mbele yangu mwalimu alikuwa akitafuta picha ya bango la darasani, ya kuonya dhidi ya kuandika bila koma wala nukta. Mwenye saiba alimwonyesha alama kubwa ya kuuliza.

"Hiyo ipo," mwalimu alisema, akigonga kioo cha kompyuta. "Nataka ambayo haipo."

"Sasa madam, picha ya kitu hakuna nitatoa wapi?"

Tulicheka. Mama aliyekuja kuchaji simu hakucheka. Alimsogezea mwalimu simu yake. Alikuwa amepata mnunuzi wa ngamia wao, akamwandikia mumewe aliye malishoni Kulamawe: "Nikungoje?" Jibu lilikuwa: "Hapana uza."

"Mwalimu, wewe soma. Anasema niuze ama anakataza?"

Mwalimu alisoma akipumua katikati, kisha akarudia bila kupumua. Huku kwetu wengi husema "hapana uza" wakimaanisha usiuze. Mama akampigia mumewe tena, hapatikani. Nje, mnunuzi alikuwa akipiga honi ya lori.

"Hii ndiyo picha yangu," mwalimu alinong'ona. "Naweza kuipiga?"

"Piga. Lakini kwanza niwekee hiyo koma, ama uitoe, niende."

Kidole cha mwalimu kilisimama juu ya kioo cha simu, kisha akautia mkono mfukoni. Honi ikalia tena.

Mimi pia nimewasahihishia watu koma miaka mingi, kwa kalamu nyekundu na bila huruma. Sikujua kuna koma yenye uzito wa ngamia.