Nilivyomchora asiye bwana harusi kwenye harusi ya Garsen

Wakuu, salaam nyingi. Huyu ni mzee wa miaka themanini na kitu anayeandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi siongezi.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa Kipini, nimefunzwa kuchora kwa rangi za mafuta na mzungu mmoja. Nikajiona fundi kweli kweli!

Mama mmoja Mpokomo wa Garsen akaniita. Binti yake, Roda, alikuwa anaolewa kijiji cha Wenje, na mama alitaka abaki na picha ya maharusi ukutani. Nichore palepale kwenye karamu, watu wakiona. Wageni wenyewe hawakufika thelathini.

Nilichelewa kivukoni, kanisani sikuwepo. Nilipofika, Roda ameketi, kando yake kijana wa suti. Sikuuliza. Nikaanza kazi.

Mama alivuta kiti akaketi mbele yao, hataki kupitwa na kitu. Baada ya kama saa mbili nikamgeuzia picha aone.

"Fundi, huyu nani?"

"Si mkweo, mama?"

"Huyu ni msimamizi! Nilidhani unaanza na Roda peke yake. Bwana harusi, Yona, ako kule nyuma ya jikoni."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe kwao mkwe haketi akitazamana na mama mkwe. Yona, kwa heshima zake, alimkalisha rafiki yake pale kitini, akaenda kujificha. (Ningejuaje? Kwa kuuliza, mjinga mimi.)

Roda akaanza kulia. Wajomba wakanuna. Picha ile ingebaki, mama angeishi akimwona bintiye kando ya mwanamume mwingine.

Kilichoniokoa ni kwamba rangi za mafuta hazikauki upesi. Nikachovya kitambaa kwenye tapentaini, nikafuta uso wote wa msimamizi. Lakini Yona akakataa katakata kuja.

Mama akasimama, akageuza kiti, akatupa mgongo.

"Mwiteni. Mimi ntaangalia mto."

Yona akaja ameinamisha kichwa. Nikachora. Mama hakugeuka hata mara moja, alikuwa akiuliza tu, "Bado?"

Nilipomaliza na Yona akaondoka, ndipo akaisogelea picha. Akaitazama sana.

"Tangu waje kuposa sijamtazama usoni," akasema. "Kumbe ni mzuri hivi."

Wakuu, nilishusha pumzi mpaka wajomba wakacheka.

Tangu siku hiyo sishiki brashi kabla sijajua nani ni nani. Na nyinyi mliooa, mama mkwe mmewahi kumtazama usoni? Semeni ukweli, hapa hayuko.